Plagi na Lugha: Kichapishi cha Zamani Mbele ya Kompyuta Mpya

Kichapishi cha sindano, kile kigongacho utepe wa wino kwa kelele nyingi, kina faida moja ambayo vichapishi vya leza havina: hutoa nakala kadhaa kwa mpigo mmoja kwa kutumia karatasi ya kaboni. Kwa hiyo si busara kukitupa eti kwa sababu kompyuta mpya haina tundu lake.

Tundu hilo lenye matobo 25 lilikuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Ndani yake biti 8 husafiri bega kwa bega, kila moja na waya wake. USB, iliyotolewa mwaka 1996, huzipitisha biti moja nyuma ya nyingine. Tofauti basi si ya umbo pekee. Mwanaisimu atalielewa jambo hili upesi: kuliandika neno la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hakuligeuzi kuwa neno la Kiarabu. Kiunganishi kinachobadili plagi ya kawaida ya USB kuwa ile ndogo ya USB-C hubadili hati tu, kwani pande zote mbili husema lugha moja. Kebo itokayo USB kwenda kwenye kichapishi cha zamani, kinyume chake, hubeba mkalimani: saketi ndogo inayopokea biti mfululizo na kuzipanga nane nane.

Mkalimani huyo, hata hivyo, amefunzwa kazi moja. Skana iliyotumia tundu lilelile la matobo 25 kwa kawaida haitaitika.

Iko lugha ya pili pia, ile ya amri. Vichapishi vingi vya sindano hufuata amri za Epson ziitwazo ESC/P. Basi modeli yako isipoonekana katika orodha ya Windows, jaribu modeli ya Epson yenye idadi ileile ya sindano. Wengine huchagua uchapaji wa matini tupu. Hapo Kiswahili hupita salama, bali Kifaransa chaweza kuharibika: é, ambayo ni nambari 233 katika Windows, hutoka kama theta ya Kigiriki ikiwa kichapishi kinatumia jedwali la herufi 437. Anayechapa barua za Kifaransa na achague modeli ya Epson, ambayo huweza kuchora herufi nukta kwa nukta bila kulitegemea jedwali hilo.