Jinsi Mwili Unavyotunza Maji Yake

Katika karne ya 19 watu wengi wa Unguja na mrima walikwenda bara kwa misafara. Mpagazi alibeba mzigo upatao frasila 2. Baada ya Mpwapwa walifika Chunyu, mahali palipojulikana kwa maji yake ya chumvi. Mbele yao ilikuwapo nyika ya Marenga Mkali, upana wake zaidi ya maili 30, isiyo na maji ya kutegemea wakati wa kiangazi. Ng'ambo yake ndiyo Ugogo, nchi ya Dodoma ya leo. Burton alipita huko mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Desturi ya misafara ilikuwa kuondoka mchana, kulala njiani bila kisima, na kuendelea alfajiri.

Mtu mwenye mzigo juani aliwezaje kufika? Sababu moja imo mwilini mwake. Mna tezi zinazotoa homoni, yaani tarishi wapitao katika damu wakipeleka amri.

Jasho likitoka kwa wingi, damu huzidi chumvi. Ubongo hutambua upesi, hutuletea kiu, na tezi iliyo chini yake hutoa homoni iitwayo vasopresini. Hiyo huyaamuru mafigo yazuie maji. Kwa siku moja mafigo huchuja lita zipatazo 180, na karibu zote huzirudisha katika damu. Mkojo huwa lita 1 au 2 tu; wakati wa shida hupungua hata kufika nusu lita, nao huwa wa rangi nzito.

Maji yakizidi kupungua, shindikizo la damu hutaka kushuka. Hapo mafigo yenyewe hutoa renini, ambayo huanzisha kazi ya angiotensini. Hii hukaza mishipa ya damu, tena huziamuru tezi zilizo juu ya mafigo kutoa aldosteroni, izuiayo chumvi isipotee. Chumvi inapobaki, maji hubaki nayo. Na maji yakizidi mno, moyo hutoa homoni ya kuyapunguza.

Lakini homoni huweka akiba tu, haziumbi maji. Wala maji ya chumvi nyingi hayafai kwa kiu, kwa kuwa mafigo yahitaji maji mengine ili kuitoa chumvi ile.

Mambo haya yatuhusu wakati wa kuchuma. Mchumaji aliyepanda mkarafuu tangu asubuhi bila kunywa, akiba yake huisha. Shindikizo hushuka, kizunguzungu humshika, na mkono huachia tawi. Basi anywe maji kabla ya kupanda, na kila ashukapo kumimina karafuu. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, au kichwa kikianza kuzunguka, ashuke polepole, akae kivulini, anywe.

Mwenye maradhi ya shindikizo asiongeze chumvi katika chakula. Baadhi ya dawa zake huzuia angiotensini, na nyingine huongeza mkojo. Kwa hiyo jua kali, kuhara au kutapika huweza kumdhoofisha upesi. Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali amwulize daktari kabla msimu haujaanza. Tahadhari kabla ya hatari.