Timu Isiyo na Tajiri: Green Bay Packers na Wenyewe Nusu Milioni

Kila mwezi wa Julai, maelfu ya watu huingia uwanja wa Lambeau Field katika mji wa Green Bay, jimbo la Wisconsin, siku ambayo hakuna mechi. Baadhi yao huvaa kofia za sponji zilizokatwa mfano wa kipande cha jibini, kwa sababu Wisconsin ni jimbo la ng'ombe wa maziwa na watu wake hawaoni haya kulisema. Wanasomewa hesabu za mwaka, wanapiga kura kuchagua wakurugenzi, kisha wanatawanyika. Hao si mashabiki tu. Ndio wenye timu.

Ligi ya NFL, ambayo ni ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ina timu 32. Thelathini na moja ni mali ya matajiri na familia zao. Moja tu, Green Bay Packers, ni mali ya wanahisa wapatao 538,000: walimu, wakulima, madereva, wastaafu. Mji wenyewe una wakazi 107,000 hivi, na hakuna mji mwingine wenye timu ya NFL ulio mdogo kama huo. Hata hivyo Packers wametwaa ubingwa mara 13, na hakuna timu iliyowafikia.

Habari yao ilianza Agosti 11, 1919, katika ofisi ya gazeti la Green Bay Press-Gazette. Kijana mmoja, Earl Lambeau, aliyejulikana zaidi kwa jina la Curly, alikutana na mwandishi wa michezo George Calhoun wakaunda timu. Lambeau alikuwa karani katika kampuni ya kusindika nyama ya Indian Packing. Aliomba fedha za jezi, mwajiri wake akatoa dola 500, na timu ikachukua jina la wafungasha nyama hao. Msimu wa kwanza walicheza na timu za miji ya jirani, na fedha zilipatikana kwa kuzungusha kofia kwa watazamaji.

Mwaka 1921 waliingia kwenye ligi ambayo mwaka uliofuata iliitwa NFL. Nusura watoke mara moja. Walinyang'anywa uanachama kwa kuchezesha wanafunzi wa chuo chini ya majina ya bandia, na Lambeau ikambidi aombe kurudishwa. Mwaka 1922 ukaja na balaa la mvua. Klabu ilikuwa imekata bima ya kufidia mapato endapo mvua ingefukuza watazamaji. Mvua ilinyesha, watu hawakuja, lakini maji yaliyopimwa yalipungua kiwango cha mkataba kwa chini ya milimita moja. Bima haikulipa.

Hapo ndipo Andrew Turnbull, meneja wa gazeti lile, alipowakusanya wafanyabiashara wa mji. Agosti 1923 klabu ikageuzwa kampuni isiyogawa faida, na hisa 1,000 zikauzwa kwa dola tano kila moja. Turnbull akawa rais wake wa kwanza.

Dola 5,000 hizo zilinunua muda tu. Mtazamaji mmoja alianguka kutoka jukwaani, akashtaki, akashinda, na kampuni ya bima ikawa imekwisha kufilisika. Klabu ikawekwa chini ya mfilisi. Mwaka 1935 wananchi wakachanga tena, dola 15,000. Mwishoni mwa 1949 hazina ilikauka upya, na Siku ya Shukrani wachezaji wakagawanyika pande mbili wakacheza wenyewe kwa wenyewe, huku theluji ikianguka, ili kupata fedha za kufunga mwaka. Mwaka 1950 yakafuata mauzo ya tatu ya hisa, kwa dola 25, yaliyoleta dola 118,000 hivi. Mama mmoja mkulima alifika kununua hisa yake na boksi la kiberiti mkononi; ndani yake mlikuwa na sarafu za senti 25 zilizotimia dola 25 kamili.

Tangu miaka ya mwanzo ya ligi, timu za miji midogo zilikuwa zikipukutika. Canton, Rock Island, Duluth na Pottsville zote ziliwahi kuwa na timu kwenye ligi hiyo, na zote zikazipoteza. Timu ya Decatur ilihamia Chicago, ya Portsmouth ikahamia Detroit. Kisa mara nyingi kilikuwa kile kile: mwenye timu aliona hasara, akauza au akafuata jiji kubwa. Green Bay hapakuwa na mtu wa kuhamisha.

Uwanjani nako kulikuwa na sababu ya kuchanga. Chini ya Lambeau, Packers walichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 1929 hadi 1931, kisha 1936, 1939 na 1944. Lakini alipoondoka mwanzoni mwa 1950 timu iliporomoka. Msimu wa 1958 ilishinda mechi moja tu kati ya 12.

Mwaka uliofuata aliletwa kocha kutoka New York, Vince Lombardi, mtu mkali asiyevumilia uzembe. Ndani ya miaka saba, 1961 hadi 1967, alichukua ubingwa mara tano, na ndiye aliyeshinda mbili za kwanza za Super Bowl, mechi ya fainali. Kombe la Super Bowl leo linaitwa kwa jina lake. Ukali wake haukuishia mazoezini. Enzi za ubaguzi wa rangi, aliwaarifu wenye baa na mikahawa ya mji kwamba atakayekataa kumhudumia mchezaji wake mweusi hatamwona tena mchezaji yeyote wa Packers.

Mechi inayosimuliwa kuliko zote ni ya Desemba 31, 1967, dhidi ya Dallas Cowboys. Baridi ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Mitambo ya kupasha joto ardhi ya uwanja ilizidiwa, nyasi zikageuka barafu, na filimbi ya chuma ikaganda mdomoni mwa mwamuzi. Waamuzi wakamaliza mechi kwa kupiga kelele. Kwa asiyeujua mchezo huu: timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na lengo ni kuuvusha mpira hadi eneo la mwisho la wapinzani. Zikiwa zimebaki sekunde 16, Packers walikuwa nyuma 17 kwa 14, wamebakiwa na kama sentimita 60 tu kufika.

Wangeweza kupiga mpira langoni wapate pointi tatu za sare. Bart Starr, kiongozi wa mashambulizi, alisogea ukingoni akazungumza na Lombardi, akarudi. Wenzake walidhani atampa mpira mkimbiaji Chuck Mercein. Starr aliubana kifuani, akajipenyeza nyuma ya mgongo wa Jerry Kramer, akaangukia ndani. Katika picha ya tukio hilo anaonekana Mercein, nyuma yake, mikono juu. Watu wengi hudhani anashangilia. Alikuwa akiwaonyesha waamuzi kwamba hakumsukuma mwenzake. Matokeo: 21 kwa 17.

Lakini makombe peke yake yasingeiokoa Green Bay. Televisheni ilipoanza kumwaga fedha, timu za New York na Chicago zingeweza kuuza matangazo yake kwa bei ambayo mji mdogo usingeiota. Kamishna wa ligi, Pete Rozelle, aliwashawishi wenye timu wauze haki za matangazo kwa pamoja na kugawana sawasawa, na mwaka 1961 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuruhusu mpango huo. Siku hizi kila timu hupata zaidi ya dola milioni 400 kwa mwaka kutoka mfuko wa pamoja. Tunajua hilo kwa sababu Packers hutangaza hesabu zao. Timu nyingine huzifungia kabatini.

Baada ya Lombardi ilipita karibu robo karne ya ukame. Kisha wakaja wachezaji Brett Favre mwaka 1992 na Reggie White mwaka 1993, na ubingwa ukarudi Januari 1997. Mchezaji mwingine, Aaron Rodgers, akaongeza ubingwa mmoja Februari 2011. Uwanja nao umepanuliwa: ulifunguliwa mwaka 1957 na viti 32,000 hivi, leo una 81,441, na waliojiandikisha kusubiri tiketi za msimu wanazidi 100,000.

Kila kambi ya mazoezi inapoanza, watoto hujipanga nje ya uwanja na baiskeli zao. Mchezaji huchagua moja, hupanda huku magoti yakimgonga kidevu, na mwenye baiskeli hukimbia pembeni akimbebea helmeti hadi uwanja wa mazoezi. Desturi hiyo imedumu tangu enzi za Lombardi.

Na hisa zenyewe? Katika mauzo ya sita, yaliyoanza mwishoni mwa 2021, moja iliuzwa dola 300. Haina gawio, haipandi bei, na mwenye nayo hawezi kuiuza kwa faida. Haimpi hata tiketi. Anachopata ni cheti, haki ya kupiga kura na kiti kwenye mkutano wa Julai. Timu ikiuzwa, fedha zote zitakwenda kwenye mfuko wa hisani, kwa hiyo hakuna anayenufaika kwa kuiuza. Kibiashara ni ununuzi mbaya, na bado watu walizigombania. Miji mingine ikitamani mfumo huu imekwisha kuchelewa: kanuni za NFL sasa zinadai kila timu iwe na mmiliki mkuu mwenye sehemu kubwa ya hisa, na Green Bay imeachiwa utaratibu wake kwa kuwa ilikuwepo kabla ya kanuni hizo.