Bukavu: Kifo kazini si bahati mbaya tu, mkubwa wa kazi anaweza kufungwa

Fundi akianguka kwenye jengo mjini Bukavu na kufa, mara nyingi mkubwa wa kazi huleta jeneza na pesa kidogo ya kilio, na maneno yanaishia hapo. Sheria haiishii hapo.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kulinda usalama na afya ya wafanyakazi wake. Akizembea na mtu akafa, kifungu cha 53 cha sheria ya makosa ya jinai kinamgusa: kuua bila kukusudia, kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini.

Ugumu ni kuonyesha nani mwajiri. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa iliporomosha mashimo ya dhahabu huko Kamituga, wilayani Mwenga. Watu wasiopungua 50 walihofiwa kufa. Huko mkubwa wa shimo huitwa PDG, na wachimbaji wengi hawana mkataba wa maandishi.

Lakini sheria inakubali ushahidi mwingine: wenzake wa kazi, ujumbe wa simu, daftari la malipo. Familia ikivitunza, ina cha kupeleka parke, hata kama pesa ya kilio ilishapokelewa.