Yai la Buluu na Rangi ya Nyongo

Aliyewahi kupasua kuku jikoni anakijua kile kifuko cha kijani kilichojibana kwenye ini. Hutolewa taratibu kwa ncha ya kisu, maana kikipasuka kitoweo chote huwa shubiri. Anayetaka kujua kwa nini kuku fulani hutaga mayai ya buluu na aanzie hapo.

Kuku hao ni wa Wamapuche, wenyeji wa kusini mwa Chile. Salvador Castelló, mtaalamu wa kuku kutoka Hispania, aliwaona mwaka 1914, na mwaka 1921 akapeleka habari zao kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa ufugaji wa kuku, mjini The Hague. Leo wanajulikana kama Araucana. Baadhi yao hawana mkia, na wengine wana vishada vya manyoya mashavuni, utadhani wamevaa hereni. Urembo huo una gharama yake: kifaranga aliyerithi jeni ya vishada kwa baba na kwa mama pia hufia ndani ya yai.

Tuje kwenye ganda. Ganda ni chokaa, na chokaa ni nyeupe. Yai hukaa kama saa 20 ndani ya tezi inayolijengea ganda, na kuku wa mayai ya kahawia hulipaka rangi mwishoni kabisa, nyumba ikiwa imekwisha kujengwa. Lisugue kwa kitambaa chenye siki, weupe utachomoza. La buluu halidanganyiki hivyo. Livunje, ubandue ule utando wa ndani, na utakuta buluu imepenya hadi upande wa pili. Kuku aliyerithi yote mawili hupaka kahawia juu ya buluu, na hapo ndipo yanapopatikana mayai ya kijani, hata yale ya rangi ya zeituni.

Kinachonistaajabisha mimi ni kwamba rangi zote mbili zina undugu na damu. Mwili hutengeneza hemu, ile sehemu ya damu inayoshika chuma, kwa hatua nyingi. Hatua moja kabla ya chuma kuingizwa, kilichopo ni protopofirini, nayo ndiyo kahawia ya yai. Hemu ikichakaa na kuvunjwa, hutokea biliverdini, ambayo ndiyo buluu yetu. Biliverdini hiyohiyo ndiyo inayotia kijani kwenye nyongo ya kuku, na kwenye ngozi ya mtu aliyepigwa siku chache zilizopita. Kahawia, basi, ni hemu ambayo haijakamilika, na buluu ni hemu iliyokwisha kazi.

Mwaka 2013 watafiti wa China na wa Uingereza walionyesha chanzo cha mayai ya buluu. Zamani kirusi cha kuku, cha kundi moja kubwa na VVU, kilijipachika kwenye jeni za kuku jirani na jeni iitwayo SLCO1B3, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kwenye ini, ikisafirisha chumvi za nyongo. Jirani huyo mpya akaiamsha hata kwenye tezi ya ganda. Na si mara moja: China kuna kuku wa Dongxiang na Lushi, nao wa mayai ya buluu, lakini kwao kirusi kilijipachika mahali tofauti kidogo na kwa wale wa Chile.

Wapo wanaouza mayai haya ghali wakidai yana kolesteroli kidogo. Yamepimwa, na upungufu huo haukuonekana. Ladha nayo hutokana na chakula cha kuku. Ukiwalisha majani mengi kiini kitakoza, ganda litabaki vilevile.

Anayetaka kuanzisha familia ya kuku hawa achunguze jogoo kwanza. Mwaka 1933 Reginald Punnett wa Cambridge alieleza kwamba jeni ya buluu hushinda: nakala moja tu yatosha. Jogoo mwenye nakala mbili, hata akipanda matetea wa mayai meupe, binti zake wote watataga buluu. Mwenye moja atawapa nusu yao tu. Tatizo ni kwamba jogoo hatagi, na manyoya yake hayasemi kitu. Mwenye pesa na haraka atapeleka sampuli maabara. Sisi wengine tutangoja miezi mitano au sita, mpaka binti zake waanze kutetea bandani.