Hema la mvua: usidanganywe na rangi

Desemba iliyopita mimi na jamaa watatu tulipiga kambi vilimani huku Mwandiga. Hema la mtumba, rangi kali, bei poa. Usiku wa manane mvua ikashuka, tukalowa chepechepe, dogo mmoja akatetemeka hadi tukamshusha barabarani kwa miguu gizani.

Kosa langu, sikulikagua. Kifuniko cha nje kiliishia juu kama kofia, wakati kinatakiwa kishuke karibu na ardhi. Kwetu Kigoma mvua ni Novemba hadi Aprili, na upepo unazirusha kwa pembeni.

Soma lebo. 1500 mm maana yake kitambaa kinahimili maji ya kimo hicho kabla ya kuvuja. Sakafu tafuta 3000. Ila hiyo ni namba ya lilipokuwa jipya! Mtumba ligeuze ndani: likinata, likibanduka, au utepe wa mishono umeachia, achana nalo hata la bure.

Turubai la chini likunje lisichomoze nje, litakinga maji na kukuletea mgongoni. Na matundu ya hewa yaache wazi, pumzi zenu nazo zinalowesha.

Anayemjua fundi wa kuziba mishono hapa mjini anishtue.