Mwili au Kamera? Usomaji wa Video ya "Chura" kwa Jicho la Ngoma ya Usukumani

Mwezi Mei mwaka 2016, wizara iliyosimamia sanaa nchini Tanzania ilisimamisha kuoneshwa kwa video ya wimbo "Chura" wa Snura Mushi hadi ifanyiwe marekebisho, kwa hoja ya maadili. Msanii aliomba radhi. Mjadala uliofuata uliuliza iwapo uchezaji ule ulifaa kuoneshwa hadharani. Makala hii inashikilia kuwa kilichostahili kuhakikiwa kwanza ni upigaji picha, si nyonga.

Laura Mulvey, katika makala yake ya mwaka 1975 kwenye jarida la Screen, alieleza kuwa sinema ya Hollywood humfanya mwanamume mtazamaji na mwanamke mtazamwaji, na kwamba kamera humkata mwanamke vipandevipande. Video ya "Chura" inathibitisha hoja hiyo kwa kiasi kikubwa. Kamera hurejea mara kwa mara kwenye makalio ya wachezaji. Uso unaweza kumrudishia mtazamaji jicho, mgongo hauwezi. Hata hivyo, nadharia hii inapwaya mahali pamoja: mwenye sauti na wimbo hapa ni mwanamke.

Aidha, mzungusho wa kiuno haukuzaliwa na video. Katika unyago wa pwani, mwali hufundishwa na kungwi miongoni mwa wanawake, na anayetazama leo ndiye atakayecheza kesho. Kiuno kilekile kinapopelekwa mbele ya kamera, mwendo haubadiliki. Hubadilika mtazamaji na haki yake ya kutazama.

Mwandishi wa makala hii ni mzaliwa wa Ibadakuli, Shinyanga, na tofauti hiyo anaifahamu kwa njia nyingine. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, Bagika na Bagalu huchezea uwanja mmoja, na kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo hushinda. Mtazamaji huzunguka apendavyo. Humwona mchezaji mzima, kuanzia jasho la uso hadi vumbi la miguuni, na asiporidhika huvuka upande wa pili. Kuvuka kwake ni kura. Mtazamaji wa video amenyimwa miguu hiyo. Anaona alichochaguliwa, kwa umbali aliochaguliwa. Mama mkubwa wa mwandishi, alipooneshwa video hii kwenye simu, hakuzungumzia nyonga. Aliuliza kwa nini wachezaji hawaoneshwi sura, atawajuaje ni watoto wa nani. Kwa istilahi za Stuart Hall, aliyeandika mwaka 1973 kuhusu usimbaji na usimbuaji, huo ni usimbuaji wa majadiliano: ngoma anaikubali, namna ya kuioneshwa anaihoji.

Wizara kwa upande wake ilionekana kuipinga video, lakini ilikubaliana na kamera katika jambo la msingi, kwamba ujumbe wote umo mwilini. Athari yake si ya kinadharia tu. Aliyesimama mbele ya umma kujieleza ni mwanamke aliyeimba. Nani aliamua kamera isimame wapi, na nani aliunganisha vipande vile wakati wa uhariri, hayakuwa maswali ya mjadala ule. Marekebisho yaliyoagizwa yangeweza kuanzia hapo: kamera irudi nyuma hatua chache, wachezaji waonekane wazima.