Moyo Wako na Udongo wa Shamba Lako

Akina mama wengi tunajua kwamba chumvi nyingi, mafuta mengi na sigara huuchosha moyo. Lakini je, umewahi kufikiri kwamba udongo yalimoota mahindi ya ugali wako wa jioni nao waweza kuhusika na afya ya moyo?

Udongoni mna madini yaitwayo seleni. Mimea huyafyonza kwa mizizi yake, nasi huyapata tunapokula mimea hiyo, au tunapokula nyama, maziwa na mayai ya wanyama walioila. Kiasi tunachohitaji ni kidogo mno. Mtu mzima hutosheka na mikrogramu 55 hivi kwa siku, mama mjamzito 60, na anayenyonyesha 70. Ukigawa kijiko kimoja cha chai cha chumvi mafungu laki moja, fungu moja ndilo linalokaribia kiasi hicho cha siku.

Siku hizi seleni huuzwa pia kwa vidonge, na baadhi ya wauzaji huahidi kwamba itaukinga moyo na kila ugonjwa. Kabla hatujafungua pochi zetu, na tuone kwanza ni mambo gani yamethibitishwa na ni yapi ambayo ni maneno matupu.

Ugonjwa wa Keshan

Katika majira ya baridi ya mwaka 1935, ugonjwa wa kutisha ulizuka katika wilaya ya Keshan, kaskazini-mashariki mwa China. Misuli ya moyo iliharibika, moyo ukatanuka, kisha ukashindwa kusukuma damu. Wengine walifariki upesi sana baada ya dalili za kwanza. Walioshambuliwa zaidi walikuwa wanawake wenye umri wa kuzaa na watoto wadogo, nao walitoka katika familia za wakulima waliokula nafaka ya mashamba yao wenyewe. Familia zisizolima, zilizokula vyakula vilivyotoka sehemu nyingine, ziliathiriwa mara chache.

Kwa miaka mingi chanzo hakikujulikana. Hata hivyo, wataalamu walipochora ramani ya ugonjwa huo, waliona kwamba ulifuata ukanda mrefu kutoka kaskazini-mashariki mwa nchi hadi kusini-magharibi. Katika ukanda huo seleni ilikuwa haba udongoni, haba katika nafaka, na haba katika damu na nywele za watu. Isitoshe, madaktari wa mifugo walikwisha kujua tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba wana-kondoo na ndama wanaokosa madini hayo huharibika misuli.

Basi mwaka 1974 jaribio kubwa lilianza katika wilaya ya Mianning, mkoani Sichuan. Baadhi ya watoto walipewa kidonge cha seleni mara moja kwa juma, na wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka huo, kati ya watoto 4,510 waliopata seleni, waliougua walikuwa 10. Kati ya watoto 3,985 ambao hawakuipata, waliougua walikuwa 54. Tofauti iliendelea kuwa wazi hivi kwamba kufikia mwaka 1976 watoto wote walipewa seleni.

Je, upungufu wa seleni peke yake ndio uliosababisha ugonjwa? La. Ugonjwa huo ulipanda na kushuka kwa misimu, jambo lililowafanya wataalamu washuku kwamba kuna virusi pia. Katika miaka ya 1990, watafiti nchini Marekani waliwaambukiza panya virusi ambavyo kwa kawaida haviudhuru moyo. Katika panya waliokosa seleni, virusi hivyo vilibadilika, vikawa vikali, vikaharibu moyo. Tena, vilipohamishiwa kwa panya waliolishwa vizuri, viliwaugua nao. Kwa hiyo mwili uliokosa seleni ni kama nyumba isiyo na komeo: mwizi hajaja bado, lakini akija ataingia.

Seleni Hufanya Kazi Gani?

Fikiria moto wa jikoni. Hutupatia joto la kupikia, lakini pia hutoa moshi na cheche. Vivyo hivyo, kila chembe ya mwili huunguza chakula kwa kutumia oksijeni ili ipate nguvu, na katika kazi hiyo hutokea mabaki makali yanayoweza kuharibu chembe zenyewe. Mwaka 1973 iligunduliwa kwamba seleni ni sehemu ya kimeng'enya kimoja kinachoyazima mabaki hayo. Tangu wakati huo, protini nyingine kadhaa zenye seleni zimegunduliwa mwilini.

Sasa ufikirie moyo. Hupiga mara laki moja hivi kila siku, usiku na mchana, pasipo likizo. Misuli inayofanya kazi namna hiyo huunguza oksijeni nyingi, na kwa sababu hiyo huhitaji ulinzi mwingi. Ndiyo maana seleni inapokosekana kabisa, moyo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia.

Mmea Mzuri, Chakula Pungufu

Jambo moja huwapotosha wengi. Mahindi hayahitaji seleni ili yastawi. Yaweza kunawiri, yakawa na majani ya kijani kibichi na kubeba hindi kubwa, huku yakiwa na seleni kidogo mno. Kwa macho hutaona tofauti yoyote kati ya gunia moja na jingine. Tofauti imo udongoni. Katika udongo wenye asidi nyingi, seleni hushikiliwa kwa nguvu na mizizi hushindwa kuipata.

Mfano mzuri uko kwa jirani zetu wa Malawi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mahindi ya sehemu nyingi za nchi hiyo yana seleni kidogo, na kwa kuwa watu hula mahindi hayo kila siku, wengi hawapati kiasi cha kutosha. Lakini katika bonde la mto Shire, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi usio na asidi nyingi, mahindi yalikuwa na seleni maradufu kadhaa. Ni nchi ileile na zao lilelile, lakini udongo ni mwingine!

Je, yawezekana kuurekebisha udongo? Ndiyo. Katika nchi ya Ufini, ambako ardhi ina seleni kidogo, serikali iliamua katika mwaka 1984 kwamba mbolea ya mashambani itiwe madini hayo. Baada ya miaka michache seleni iliongezeka katika nafaka, katika maziwa na katika damu ya watu. Huko Malawi nako, katika wilaya ya Kasungu, wanawake na watoto wa shule walipewa unga wa mahindi yaliyolimwa kwa mbolea yenye seleni. Matokeo yalionyesha kwamba seleni iliongezeka katika damu yao.

Lakini tuwe waangalifu. Vifo vya ugonjwa wa moyo vimepungua sana nchini Ufini, na wengine husema kwamba seleni ndiyo iliyoleta baraka hiyo. Ukweli ni kwamba vilianza kupungua kabla ya mbolea hiyo. Tangu mwaka 1972, katika jimbo la Karelia Kaskazini, watu walifundishwa kupunguza siagi, chumvi na sigara, na akina mama wa huko walishika nafasi ya mbele kubadili mapishi ya nyumbani. Hatuwezi kumpa mtu mmoja sifa ya kazi iliyofanywa na wengi.

Kwa Mama Aliyejifungua Karibuni

Kuna ugonjwa wa moyo unaowapata wanawake katika mwezi wa mwisho wa mimba au miezi michache ya kwanza baada ya kujifungua. Moyo hudhoofika ghafla, hata kwa mama ambaye hakuwa na ugonjwa wa moyo kabla. Huonekana sana huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, na watafiti wa huko waligundua kwamba wengi wa wagonjwa hao walikuwa na seleni kidogo katika damu.

Mwaka 2020 walitoa matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 100. Baadhi yao walipewa seleni kwa miezi mitatu pamoja na matibabu yao ya kawaida. Dalili za moyo kushindwa kufanya kazi zilipungua zaidi kwa waliopata seleni, lakini haikuthibitika kwamba moyo wenyewe ulipona upesi zaidi au kwamba maisha yaliokolewa. Ni dalili ya kutia moyo, wala si tiba iliyokamilika.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo kila mwanamke apaswa kulijua leo. Ikiwa mama aliyejifungua hawezi kupumua vizuri akilala chali, anaamka usiku akihema, anakohoa, anachoka kupita kawaida, au miguu yake inazidi kuvimba, asiambiwe tu kwamba huo ni uchovu wa uzazi. Apelekwe hospitali bila kukawia. Dada, wifi au mama mkwe aliye karibu naye huenda ndiye atakayeyaokoa maisha yake.

Je, Tununue Vidonge?

Waswahili husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuvitazame vidonge hivi kwa jicho hilo.

Katika mwaka 2001 jaribio kubwa lilianza Amerika Kaskazini. Zaidi ya wanaume 35,000 walishiriki, na baadhi yao walipewa mikrogramu 200 za seleni kila siku. Jaribio lilitarajiwa kuendelea kwa miaka mingi, lakini vidonge vilisimamishwa mwaka 2008 kwa kuwa havikuonyesha faida. Havikuzuia saratani ya tezi ya kibofu wala ugonjwa wa moyo. Katika jaribio jingine la Marekani, waliotumia seleni kwa muda mrefu waliugua kisukari zaidi ya wenzao.

Kwa upande mwingine, huko Uswidi wazee 443 walishiriki jaribio ambamo baadhi yao walipewa seleni pamoja na kirutubisho kingine. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliovipata walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko wenzao. Kwa nini huku ifae na kule isifae? Sababu moja yaelekea kuwa hii: Waswidi wengi hupata seleni kidogo katika chakula chao, ilhali Wamarekani wengi wanayo ya kutosha tayari. Debe lililojaa, ukiongeza maji, humwagika tu.

Na hasara ipo. Mapema katika miaka ya 1960, huko Enshi katika mkoa wa Hubei, China, ambako udongo na makaa ya mawe vina seleni nyingi mno, watu walinyonyoka nywele na kung'oka kucha. Ni nchi ileile ya Keshan! Kokwa za Brazili zina seleni nyingi hivi kwamba moja tu yaweza kuzidi mahitaji ya siku nzima. Basi mtu asianze vidonge vya seleni pasipo shauri la daktari, wala asiviache vidonge vyake vya shinikizo la damu akidhani seleni itashika nafasi yake.

Yanayowezekana Jikoni

Hatuwezi kupima udongo wa kila gunia tunalonunua, lakini twaweza kufanya haya:

• Usitegemee nafaka moja mwaka mzima. Leo ugali wa mahindi, kesho wa mtama au ulezi, siku nyingine wali au chapati za ngano isiyokobolewa. Vyakula vilivyotoka mashamba na mikoa mbalimbali husaidiana.

• Penda dona kuliko sembe. Kukoboa huondoa sehemu ya seleni, pamoja na vitamini na makapi yanayoufaa moyo.

• Ongeza maharage, kunde, karanga na mbegu, kisha vitunguu saumu na kabichi, mimea ambayo huhifadhi seleni vizuri inapoipata udongoni.

• Usiwasahau samaki na dagaa. Hawa wana seleni nyingi, hata pale ambapo ardhi ni maskini. Fungu la dagaa lina nafuu kuliko chupa ya vidonge. Mayai nayo husaidia.

• Pika mboga kwa maji machache, na usimwage mchuzi wake.

• Endelea na yale ya zamani: punguza chumvi na mafuta, epuka sigara, tembea kwa miguu, na upimwe shinikizo la damu.

Familia za Keshan hazikukosa bidii. Zililima, zikavuna, zikala zikashiba, lakini chakula chao chote kilitoka katika udongo wa aina moja. Sisi tulio na soko lenye samaki wa ziwani au baharini, kunde za bara na mtama wa mkoa mwingine, tuna kinga ambayo wao hawakuwa nayo. Utakapokwenda sokoni juma hili, chukua fungu moja la kitu ambacho hamkukila juma lililopita.